Binti yangu anataka kusoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari. Tusaini?

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Sisi ni Wakongo wa Fizi. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Columbus, Ohio. Binti yetu mkubwa yuko darasa la kumi katika shule ya serikali na GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 3.4. Juzi amekuja na karatasi ya mpango unaoitwa College Credit Plus. Anasema mwaka ujao anaweza kusoma masomo ya chuo huku bado ni mwanafunzi wa sekondari, yahesabiwe kotekote, na sisi tusitoe hata senti.

Baba yake amegoma kusaini. Kijana wa jirani yetu aliingia mpango huohuo, akashindwa, na wazazi wake wakaletewa barua ya kulipa. Mume wangu anasema cha bure hakikosi mtego. Nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, lakini ulikuwa Kiingereza kitupu, tena cha mbio. Binti ndiye aliyenitafsiria, na nahisi alinitafsiria yale aliyotaka niyasikie.

Anataka kuwa nesi. Ni mtoto wa kujituma, lakini ana aibu. Akikwama somoni hanyooshi mkono, anakaa nalo moyoni. Darasa la wanaojifunza Kiingereza alitoka miaka miwili iliyopita. Mwenzangu kazini ananiambia aachane na chuo, achukue masomo ya AP, yale ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, eti ndiyo yenye heshima. Je, ni bure kweli? Akishindwa itakuwaje? Achukue masomo gani, na mangapi? Na je, Kiswahili chake kina faida yoyote katika mambo haya, au ni cha nyumbani tu?

Mama Wanne, Columbus

*

Mama Wanne,

Pole kwa mvutano huo wa nyumbani. Ushauri wetu ni huu: saini, ila muhula wa kwanza achukue kozi moja, au mbili kwa wingi. Mumeo ana sababu ya kuwa na shaka. Upande wa pesa una mashimo machache yanayojulikana, na tutakuonyesha yalipo. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni alama, maana alama ya chuo anayoipata mtoto wa miaka kumi na sita itamfuata hata atakapokuwa mtu mzima anayeomba nafasi ya unesi.

Tuanze na pesa. Mpango huu ni wa jimbo zima la Ohio, ulianza mwaka wa masomo 2015–2016, na uko wazi kwa wanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili. Mwanafunzi wa shule ya serikali akisoma katika chuo cha serikali, kwa mfano Columbus State, familia hailipi ada wala vitabu. Vitabu vinanunuliwa na shule na ni mali ya shule, kwa hiyo muhula ukiisha vinarudishwa. Akikipoteza kitabu mtadaiwa. Vifaa kama kikokotoo mtanunua wenyewe. Usafiri pia ni juu yenu, ingawa familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba irudishiwe gharama hiyo. Akichagua chuo binafsi hesabu inabadilika, kwa sababu vyuo hivyo vinaweza kutoza kitu. Kwa mwanzo, bakini kwenye chuo cha serikali.

Shimo la kwanza ni kuchukua krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi za chuo, nyingi kupita kiwango. Jimbo linalipia kwa kikomo cha krediti 30 kwa mwaka wa masomo, na mwaka huo unaanza kuhesabiwa na muhula wa kiangazi. Watu wengi husikia 30 wakadhani ni 30 za chuo tupu. Sivyo. Kila uniti ya sekondari, yaani somo moja la mwaka mzima, inahesabiwa kama krediti 3 na kutolewa kwenye zile 30. Chukua mfano wa binti yako. Tuseme darasa la kumi na moja atasoma Aljebra ya Pili, Kemia, Historia ya Marekani na somo jingine moja la mwaka mzima hapo hapo sekondari. Hizo ni uniti 4. Nne mara tatu ni 12. Toa kwenye 30, zinabaki 18. Basi chuoni ana nafasi ya krediti 18 kwa mwaka mzima, yaani kozi sita za krediti tatu-tatu. Akiandikishwa kozi ya saba, hiyo ni yenu kulipia. Chuo hakioni ratiba yake ya sekondari, kwa hiyo hakitawaonya. Mwombeni mshauri wa wanafunzi wa shuleni awafanyie hesabu hii kwa maandishi kabla binti hajajiandikisha, na irudiwe kila anapobadilisha somo.

Shimo la pili ndilo pengine alilotumbukia kijana wa jirani. Mwanafunzi akipata F, au akijitoa kwenye kozi baada ya tarehe ya kujitoa bila lawama, shule inaruhusiwa kuidai familia gharama ya kozi ile. Tarehe hiyo huwa siku ya 14 ya kalenda tangu kozi ianze, na wikendi zimo ndani yake. Kozi ikiwa fupi, huwahi zaidi. Tarehe kamili imo kwenye kalenda ya chuo, iandikeni ukutani. Vijana hukosea hapa kwa njia moja mara nyingi: somo likiwa gumu wanaacha tu kuhudhuria, wakiamini kwamba wamejitoa. Chuoni kuacha kuhudhuria si kujitoa. Jina linabaki kwenye orodha, kazi zinapewa sifuri, na mwisho wa muhula inatoka F. Kujitoa ni kitendo: mwanafunzi anaingia kwenye akaunti yake ya chuo au anajaza fomu ya chuo, anaondoa kozi, kisha anamwarifu mshauri wa sekondari siku hiyohiyo, kwa sababu huenda akahitaji somo jingine la kujazia pengo la kuhitimu.

Kuna kinga ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Shule hairuhusiwi kudai gharama ya kozi aliyofeli mwanafunzi kutoka familia yenye kipato kidogo, isipokuwa mwanafunzi huyo awe amefukuzwa shule. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa pana ugumu. Kipimo cha kipato kidogo kinaendana na haki ya chakula cha bure au cha punguzo shuleni. Lakini shule nyingi za mijini siku hizi zinampa kila mtoto chakula bure bila fomu yoyote, hivyo familia inaweza kustahili kabisa na isiwe na karatasi inayoonyesha hivyo. Kama mnapata msaada wa chakula kwa kadi ya EBT, kwa kawaida mtoto huwa ameshatambuliwa. Kama hampati, andikeni barua pepe kwa ofisi ya shule mkiuliza: je, kwa madhumuni ya College Credit Plus binti yetu ameandikwa kama mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo? Hifadhini jibu. Mwambie na jirani yako aulize hivyohivyo, hata kama barua ya kulipa imeshafika.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye alama. Kila kozi inaandikwa mara mbili, kwenye transkripti (hati ya alama) ya sekondari na kwenye transkripti ya chuo, na alama ni ileile. Kozi ya krediti 3 au zaidi inampa uniti nzima ya sekondari. Hii ni faida kubwa: somo ambalo sekondari lingechukua mwaka mzima, chuoni analimaliza kwa muhula mmoja. Lakini C ya chuo nayo itakaa kotekote. GPA yake ya chuo ikishuka chini ya 2.0, au akijitoa kwenye kozi mbili au zaidi ndani ya muhula mmoja, anawekwa chini ya uangalizi: muhula unaofuata anaruhusiwa kozi moja tu, na isiwe ya somo lile alilopata D au F. Muhula wa pili mfululizo ukiwa vilevile, anaondolewa kwenye mpango.

Liko na jambo linalochelewa kuonekana. Akimaliza sekondari ataomba msaada wa serikali kuu wa masomo kupitia fomu ya FAFSA. Kuwa kwenye College Credit Plus hakuli chochote katika ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kwa sababu mwanafunzi wa sekondari hapewi ruzuku hiyo, na muda wake wote wa mihula 12 unabaki salama. Pia katika vyuo vingi ataomba nafasi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata akiwa na krediti nyingi, kwa hiyo udhamini wa wanaoanza haumpiti. Ila chuo kinapompa msaada hutazama mwenendo wake wa nyuma, na vyuo vingi vinataka mwanafunzi awe amefaulu angalau asilimia 67 ya krediti zote alizowahi kujaribu. Zile za sekondari zimo ndani ya hesabu. Aliyejaribu krediti 15 akafaulu 9 ana asilimia 60, na ataanza chuo tayari yuko chini ya mstari. Alama ya W, ile ya kujitoa baada ya siku za mwanzo, haishushi GPA, lakini kwenye hesabu hii inahesabika kama krediti iliyojaribiwa ikakosa kufaulu. Msimtishe mtoto kwa habari hii. Inatosha mjue kwa nini tunasema kozi moja au mbili.

Na sasa muda, kwa sababu muda ndio unaozaa hizo F. Kozi ya krediti 3 inadai saa 3 za darasani kwa wiki na saa 6 hivi za kusoma na kuandika nje ya darasa. Kozi mbili ni saa 18 kwa wiki, juu ya masomo yake ya sekondari, na juu ya kazi za nyumbani. Kwa familia ya watoto wanne ambayo mkubwa ni binti, tunajua nani hupika na nani huchukua wadogo kwenye basi. Kaeni mkubaliane kabla ya kusaini: saa zipi za jioni ni zake, na nani atashika zile kazi. Msipolifanya hilo, atakuwa anafungua kitabu saa nne usiku, na hapo hata mtoto hodari anachoka.

Kozi hizohizo hutolewa pia kwa mihula mifupi ya wiki nane. Somo ni lile, kazi ni zile, zimebanwa nusu ya muda. Kozi moja inakula saa 18 kwa wiki. Mwaka wa kwanza msiikubali. Kozi za mtandaoni nazo zinavutia kwa sababu hazina nauli, lakini ndizo ambazo mtoto mwenye aibu hupotea kimyakimya. Hakuna anayemwona amekunja uso. Kazi inatakiwa Jumapili kabla ya saa sita usiku, mfumo unafunga, basi. Kwa binti yako tungeanza na kozi ya chuo inayofundishwa ndani ya sekondari yake mwenyewe, kama ipo. Shule nyingi zina walimu wenye sifa ya kufundisha kozi za chuo, krediti ni zilezile, na anakaa na wenzake anaowajua. Kama haipo, aende chuoni kwenyewe ana kwa ana, asubuhi, ili awahi kurudi.

Masomo gani? Anayetaka unesi atakutana na Uandishi wa Kiingereza wa kwanza, Saikolojia ya utangulizi, Takwimu, Kemia, na Anatomia na Fiziolojia. Tungemshauri darasa la kumi na moja aanze na Uandishi wa Kiingereza peke yake, au pamoja na Saikolojia. Uandishi unahitajika karibu katika kila shahada, na utamfundisha kunukuu vyanzo na kujenga hoja, jambo litakalomsaidia kozi zote zinazofuata. Muhula wa pili achukue Takwimu kama hesabu zake ziko sawa. Kemia na Anatomia tusizikimbilie, hata kama mshauri wa chuo atasema anaruhusiwa. Programu za unesi zina ushindani, na nyingi hupima waombaji kwa alama za masomo haya ya sayansi, zikaweka kikomo cha mara ngapi mtu anaweza kuyarudia, na hata umri wa krediti zenyewe. B aliyoipata akiwa na miaka kumi na nane inamfaa kuliko C aliyoiharakisha akiwa na kumi na sita. Akimaliza sekondari na krediti 15 zenye alama nzuri, zinazoingia moja kwa moja kwenye shahada yake, amefanya vizuri kuliko mwenzake mwenye 40 za mchanganyiko.

Tunasisitiza hilo la kuingia kwenye shahada kwa sababu kuna krediti zinazokubaliwa na bado zisisaidie kitu. Chuo kikuu kinaipokea kozi, kinaiandika kama somo la hiari, na mwanafunzi anajikuta bado ana masomo yote ya lazima mbele yake. Ohio ina kinga nzuri hapa. Vyuo vikuu vya serikali 14 na vyuo vya jamii 23 vinafungwa na orodha ya pamoja iitwayo Ohio Transfer 36: kozi iliyo kwenye orodha hiyo, ikisomwa chuo kimoja, lazima ihesabiwe kwenye masomo ya msingi ya chuo kingine cha serikali. Kwa kila kozi ulizeni swali moja: iko kwenye Ohio Transfer 36? Isipokuwapo, mshauri aeleze inaingia wapi katika shahada ya unesi. Kumbukeni kwamba kinga hiyo inaishia mpakani. Chuo binafsi, au chuo cha Kentucky au Indiana, kinaamua chenyewe, kwa hiyo binti akikiwazia chuo cha namna hiyo, aandikie ofisi yao ya udahili na silabasi mkononi. Silabasi za kila kozi azihifadhi, hata baada ya kuhitimu.

Sifa za kuingia anazo. GPA ya 3.0 bila nyongeza inatosha, na yeye ana 3.4. Wasio nayo hupita kwa mtihani. Kwa ACT, mtihani wa kupima utayari wa chuo, Ohio inataka 18 kwa Kiingereza, 22 kwa kusoma na 22 kwa hesabu. Hata hivyo tungependa afanye jaribio la kupima Kiingereza chake cha kuandika, kwa faida yake mwenyewe. Mtoto aliyetoka darasa la wanaojifunza Kiingereza miaka miwili iliyopita anaweza kuzungumza kama aliyezaliwa hapa na bado insha ya kurasa tano ikamlemea, na mpango huu haulipii kozi za kurekebisha udhaifu. Mwalimu wake wa Kiingereza amsomee insha moja na aseme kweli: hii ingepata nini chuoni? Jibu likiwa ni la kusitasita, aanze na Saikolojia, Uandishi usogee muhula wa pili.

Tarehe ya kushika ni Aprili 1. Kabla ya siku hiyo shule iwe imepokea kwa maandishi nia ya binti kushiriki mwaka ujao. Kutoa nia hakuwafungi. Akighairi baadaye, si kosa. Kuchelewa ndiko kunakoleta shida, kwa sababu atahitaji ruhusa ya mkuu wa shule. Baada ya hapo kuna maombi ya chuo chenyewe, nayo yana tarehe yake ya mwisho, na transkripti ya sekondari itumwe na shule. Wengi hudhani fomu ya shule imemaliza kazi, Agosti inafika jina haliko chuoni. Mtaletewa pia karatasi ya kukiri kwamba masomo ya chuo yanaweza kugusa mambo ya watu wazima. Bila saini zenu wawili, mzazi na mwanafunzi, hataandikishwa. Chuo kikimkubali, atapewa anwani ya barua pepe ya chuo, na taarifa zote zitapitia huko. Aifungue kila siku.

Kuhusu kile kikao ulichotafsiriwa na binti: una haki ya mkalimani. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure kwako. Piga simu ofisini, sema maneno mawili ya Kiingereza tu: "Swahili interpreter". Omba kikao cha nusu saa na mshauri wa wanafunzi, nenda na mumeo, binti awepo lakini asitafsiri. Mumeo aulize mwenyewe hilo la kulipa na asikie jibu kwa sikio lake. Ulizeni na masomo gani ya kuhitimu yatabaki, maana Ohio inadai uniti 20, zikiwemo 4 za Kiingereza, 4 za hesabu, 3 za sayansi na 3 za masomo ya jamii, pamoja na afya na mazoezi ya mwili. Kuna watoto waliofika darasa la kumi na mbili na krediti za chuo tele, halafu wakagundua bado wanadaiwa nusu uniti ya mazoezi.

Jiandae kwa hili pia: chuoni mtoto ndiye mwenye haki juu ya kumbukumbu zake. Sheria iitwayo FERPA, ya mwaka 1974, inampa haki hiyo mara tu anapojiandikisha chuo, hata akiwa na miaka kumi na tano. Mwalimu wa chuo hatakupigia simu kwamba mwanao hahudhurii, na ukimpigia wewe, huenda asikujibu. Binti anaweza kujaza fomu ya chuo inayoruhusu mzazi kuona taarifa zake. Aijaze wiki ya kwanza. Zaidi ya hiyo, mpatane kwamba kila Jumapili jioni anafungua ukurasa wa kozi mbele yako na mnatazama alama pamoja. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, sifuri unaijua. Na kwa sababu ni mtu wa aibu, mpe kazi moja ya lazima: wiki mbili za mwanzo aende mara moja kwenye saa za ofisi za mwalimu, na swali lililoandikwa kwenye karatasi. Akishaingia mara ya kwanza, ya pili haimtishi. Vyuo vina pia vituo vya kusaidia uandishi na hesabu, bure, na wanafunzi wa mpango huu wanaruhusiwa kuvitumia.

Huyo mwenzako wa kazini hakukudanganya kuhusu AP. Ni masomo mazuri, na vyuo vya serikali vya Ohio vinalazimika kutoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea kati ya 5. Tofauti ni hii: AP inasomwa mwaka mzima, krediti inategemea mtihani mmoja wa Mei, na mtihani ukienda vibaya hakuna F inayobaki chuoni. College Credit Plus inapima kazi za muhula mzima. Mtoto anayefanya kazi kwa bidii kila wiki lakini hutetemeka kwenye mtihani mkubwa, ambavyo ndivyo tunavyomsoma binti yako, mara nyingi hufaidika zaidi na huu wa pili. Akitaka vyuo binafsi vyenye ushindani mkali nje ya Ohio, AP inasafiri vizuri zaidi. Anaweza kuchanganya, Kemia ya AP sekondari na Uandishi chuoni ni ratiba nzuri kabisa.

Na Kiswahili chake kina faida, mama, kubwa tu. Ohio ina muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha sekondari kwa mwanafunzi aliyethibitisha umahiri wa Kiingereza na lugha nyingine. Ulizeni shule wilaya yenu inaupimaje kwa Kiswahili. Ohio State pale Columbus na Ohio University kule Athens hufundisha Kiswahili, kwa hiyo akienda huko, kabla hajajiandikisha Kihispania cha mwanzo kutimiza sharti la lugha, aombe kupimwa Kiswahili. Ila kupima ni pamoja na kusoma na kuandika, na watoto wengi waliokulia hapa wanazungumza tu. Aanze mapema kukuandikia wewe ujumbe wa simu kwa Kiswahili, na umsahihishe.